Mkanda Uliofungia Mabati

Dada yangu Cadija alifia Quiterajo alfajiri, na alikuwa ameacha neno kwamba mimi ndiye nimwoshe. Binti yake Mariamo alipiga simu. Alisema watangoja hadi adhuhuri, baada ya hapo haiwezekani, kwa joto lile.

Basi nikatoka Mocímboa na Latifo, mume wa mjukuu wangu, katika pikapu yake. Mimi humwita mume wangu, naye huniita bibi harusi. Siku hiyo hatukutaniana. Mgongo uliniuma, na nyuma yaligongana mabati ya mtu ambayo Latifo hakupata wasaa wa kuyashusha.

Saa nne asubuhi tukazama kwenye tope jeusi. Latifo akakanyaga mafuta, magurudumu yakajichimbia, gari likakaa kwa tumbo.

Likatokea lori la Bernardino, Mmakonde wa Diaca, mtu mpole. Akauliza tuna nini cha kuvutia. Latifo akasema anao mkanda wa nailoni, ule unaonyumbuka: lori likienda kwa kasi kidogo unarefuka, halafu unalichomoa gari. Dakika mbili tu. Akaenda kuufungua juu ya mabati, maana ndio aliofungia mzigo.

Nikaupitisha mkononi kama ninavyokagua wavu. Bati lilikuwa limeung'ata ukingoni, upana wa vidole viwili.

"Umeliwa huu," nikasema.

"Kidogo tu, Bibi. Tazama ulivyo mpana."

"Na babu yenu alisema kidogo tu. Kamba ya nanga ikakatika, ikamvunja taya."

Bernardino akautazama. Kisha akatueleza: kwa mvuto mmoja unaweza kuhimili, unaweza pia kukatika. Yeye ana mnyororo mzima, lakini mnyororo haunyumbuki, hauvutwi kwa ghafla. Lazima tuchimbue magurudumu yote, tutandike matawi, tuvute polepole. Kazi ya saa mbili.

"Mamã, unayewahi ni wewe," akasema. "Amua."

Nililitazama jua. Saa mbili ndizo zote nilizokuwa nazo, na safari ilikuwa bado. Lakini ambaye angekaa kwenye usukani ni Latifo, na mkanda ukikatika huruka kwa mtu aliye mbele yake.

"Leteni mnyororo," nikasema.

Tukachimba. Wao kwa jembe, mimi kwa mikono. Machozi yaliponikaribia nikawategea kitendawili.

"Tega," akasema Bernardino.

"Ana macho mawili, hayaonani hadi kazi iishe."

Latifo akasema taa za gari. Bernardino akasema ni ng'ombe wake wawili, wanaogombana kutwa. Nikacheka kidogo, jibu nikaliweka.

Bernardino akaukaza mnyororo kwenye chuma cha chini, si kwenye bampa, akalaza juu yake gunia la tope ili ukikatika usiruke, na mimi akanisogeza mbali pembeni. Lori likaenda polepole hadi mnyororo ukanyooka, ndipo likavuta. Pikapu ikanyanyuka kama mimi ninavyonyanyuka mkekani, kwa kuguna.

Tulipofika Quiterajo wanaume walikuwa wanarudi kutoka makaburini. Mariamo akaniambia walingoja hadi imamu akakataa kuchelewesha zaidi, ndipo wakamwosha wao.

Latifo akakaa uani, akaukunja ule mkanda hadi vitanzi vyake viwili vya nchani vikalaliana. Akavitazama.

"Ni huu, Bibi. Macho yake yameonana."

"Ndio huo. Sasa ukate katikati, asije mtu akauazima."

Akaukata bila ubishi. Alilia, nadhani, lakini alikuwa amenipa mgongo.

Mariamo akaniletea ndoo iliyobaki ya maji ya kumwoshea, yenye majani ya mkunazi.

"Hii tulikuwekea wewe, mama," akasema.

Nikakaa kwenye kigoda cha Cadija, nikaingiza miguu yangu ya tope.