Pua ya Bibi Thoa

Pua ya Bibi Thoa ilikuwa na sifa mtaa mzima wa nyuma ya soko, pale mjini Nam Định, Vietnam. Wauza samaki walikuwa wakimwona tu anakuja, wanasukuma mabeseni ya jana chini ya meza. Aliwahi kusimama mlangoni kwa jirani, hata kukaribishwa bado, akawaambia mchuzi wao hauna tangawizi, na kweli ulikuwa hauna. Basi pua hiyo ikafa. Homa ya mwaka juzi ilimlaza kitandani, na ilipoondoka iliondoka na harufu zote za dunia. Bibi Thoa alinusa chupa ya mchuzi wa samaki, ile inayomtoa machozi mgeni, akadhani mtu kaimwaga na kuijaza maji.

Hakumwambia mtu. Mumewe alikwisha kufa, mwanawe Khiêm anaendesha lori la saruji, na Ngần, mke wa Khiêm, anashona nguo kiwandani tangu alfajiri. Jiko ndilo pekee alilobakiwa nalo la kuamrisha. Alijua wakigundua watamwambia nini. Watamwambia, "Mama, sasa pumzika." Alikwisha kuwaona wanawake wenzake waliopumzishwa, wamekaa mbele ya televisheni na bakuli mapajani, wanangoja mtu akumbuke kulijaza.

Kwa hiyo alijifunza kupika kwa macho. Alitazama rangi ya mchuzi, akapima kwa kijiko, na wakati wa kula akazisoma nyuso. Wakila kimya, kesho yake aliongeza chumvi. Wakisifu, alisema aa, cha kawaida tu, akageukia pembeni.

Jiko jipya lililetwa wakati watu wakianza kujiandaa na Tet, Mwaka Mpya wao. Miaka yote walikuwa wakipikia makaa, na Ngần alikuwa amechoka kukohoa. Hili lilikuwa na meko mawili ya gesi na sahani moja ya umeme pembeni, umeme ukikatika gesi ipo, gesi ikiisha umeme upo. Fundi aliyelifunga aliitwa Quyết, mtu mwenye mikono myepesi na mdomo mwepesi zaidi.

"Bibi, mtungi unasimama wima. Usiulaze hata siku moja, hata kama umebaki kidogo. Huu mpira wa gesi usipite nyuma ya jiko wala usikae karibu na hii sahani ya umeme. Ukipata joto unakauka, ukikauka unapasuka. Na jiko lina soketi yake lenyewe. Nisije nikakuta mmelichomeka pamoja na sufuria ya umeme ya wali."

"Umetuona washamba?"

"Nimewaona watu, bibi. Watu wote ndivyo wanavyofanya." Akakaza vibano ncha zote mbili za mpira, akapaka povu la sabuni kwenye maungio, akafungua koki ya mtungi. "Tazama. Ukiona vipovu vinavimba, gesi inatoka. Hakuna. Fanyeni hivi kila mara mnapobadilisha mtungi, si kwa kiberiti kama yule mjinga wa mtaa wa pili. Na usiku mnafunga koki ya mtungi, msizime jiko tu mkaenda kulala."

"Na tukisahau?"

"Mtasikia harufu. Gesi yenyewe hainuki, wameitia dawa makusudi, inanuka kama kabichi iliyooza. Lakini bibi mimi nakufundisha nini? Wewe nasikia unamjua paka aliyepita jana."

Watu wote wakacheka, na Bibi Thoa akacheka kuwashinda.

Halafu fundi akaelekeza bisibisi kwenye kishubaka cha Mabwana wa Jiko, miungu walinzi wa nyumba, kilichokuwa ukutani juu kabisa ya mahali pa jiko. "Na hawa wahame. Huwezi kuwasha udi juu ya gesi."

"Hao wamekuwa hapo kabla mama yako hajaolewa. Hama wewe."

Wakabishana mpaka chai ikapoa. Mwisho kishubaka kikasogezwa ukuta wa pembeni, juu ya gudulia la achari ya vitunguu na majani ya haradali ambayo Bibi Thoa huianza kila mwaka mwezi huo. Fundi alisema bado ni karibu mno. Bibi Thoa alisema ni mbali mno. Ngần akamlipa fundi akaenda zake.

Ingeishia hapo lisingekuwepo la kusimulia. Lakini jiko lilikuwa limetazama dirishani, na Bibi Thoa hakupata usingizi. Akaenda kwa mpiga ramli wa nyumba, akamtajia mwaka aliozaliwa Khiêm, mwaka wa mbuzi, na mpiga ramli akasema jiko la mtu wa mwaka huo sharti litazame mashariki, la sivyo riziki itaingia kwa mlango wa mbele na kutokea wa nyuma. Ngần alipokuwa kazini, mama na mwana wakaligeuza jiko. Lilikubali kwa taabu. Mpira ulivutika ukazunguka nyuma, ukaegemea ubavu wa sahani ya umeme, na mtungi ukabanwa pembeni mpaka mkono haufiki kwenye koki.

"Usiku tutaufungaje?" Khiêm aliuliza.

"Tutazima jiko vizuri," alisema mama yake.

Ngần aliporudi alilitazama jiko kwa muda, akamtazama mumewe aliyekuwa ameshughulika na kucha zake, akasema limependeza. Mkwe mwenye adabu hagombei pande za dunia na mama mkwe.

Ikafika siku ya kuwaaga Mabwana wa Jiko, ambao siku hiyo hupanda mbinguni kwa mgongo wa samaki mwekundu kwenda kueleza yote waliyoyaona jikoni mwaka mzima. Ndiyo maana hupewa vitamu kabla ya safari. Kinywa kilichojaa sukari hakichongei mtu. Ngần alipewa ruhusa kiwandani, akatoka mapema kwenda kununua maua. Khiêm alikuwa mbele ya nyumba akiufunga kwa kamba mti wake wa ndimu za dhahabu, pambo la Mwaka Mpya. Nje kulikuwa na manyunyu na baridi ya kuingia kwenye mifupa, kwa hiyo mlango na madirisha ya jikoni yalikuwa yamefungwa tangu jana jioni.

Bibi Thoa alikuwa humo tangu kulipopambazuka. Aliweka beseni la samaki wekundu uani, akarudi akafunga mlango, akapanga wali wa kunata, akachambua giligilani. Wali na mchuzi alikuwa amevipika jana, kwa hiyo asubuhi hiyo hakuwasha jiko. Kichwa kilimuuma kidogo akasema ni baridi. Alipomaliza alichukua vijiti vitatu vya udi mkono mmoja na kiberiti mkono wa pili, akasimama mbele ya kishubaka.

Mlango wa uani ukafunguliwa. Ngần, kapu mkononi, alitia mguu mmoja ndani akasimama.

"Mama, weka chini kiberiti."

"Umechelewa. Maua yako wapi?"

"Mama, kiweke chini. Usiguse swichi. Toka nje."

Hakuna aliyewahi kumwambia Bibi Thoa atoke katika jiko lake. Alifumbua kinywa amjibu, na Ngần akamnyang'anya kiberiti, akakirusha uani kwenye matope. Akasukuma mlango ukafunguka wote, akafungua madirisha, akajitupa kifudifudi chini ya meza ya jiko na kupenyeza mkono nyuma ya jiko. Shavu lake lilikuwa sakafuni, pale gesi inapotuama. Alikohoa, akanyoosha bega mpaka kitambaa cha nguo kikachanika, akaizungusha koki mpaka ikafunga. Bibi Thoa alikuwa amefika uani, na vijiti vya udi bado vilikuwa mkononi, na hapo ndipo alipoelewa. Akakaa kwenye ukingo wa kisima.

Khiêm alikuja mbio aliposikia kelele. Alifika mlangoni, harufu ikamrudisha nyuma akikohoa.

"Nani kafanya hivi?" Akamgeukia mkewe aliyekuwa anatoka huku akifuta machozi. "Ngần, umegusa nini?"

"Sijagusa. Nimeikuta."

"Umeikuta vipi? Mama kakaa humu asubuhi yote. Pua ya mama huijui? Ingekuwa inavuja angesikia tangu alfajiri. Wewe ndiyo kwanza unaingia, na gesi ndiyo kwanza inanuka. Umegonga kitu kwa hilo kapu lako, kubali tu."

Ngần alimtazama mama mkwe mara moja, akatazama chini. Alikuwa ameolewa katika nyumba ambayo pua hiyo ilikuwa hakimu.

Bibi Thoa aliona njia imefunguka mbele yake. Hakutakiwa hata kusema uongo. Anyamaze tu, mkwe atakemewa, jioni watakula, na jiko litabaki lake. Wahenga wanasema mficha maradhi kilio humfichua, na kilio chenyewe kilikuwa kimefika mpaka mlangoni na kiberiti mkononi. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto. Kupitia mlango uliokuwa wazi aliwaona Mabwana wa Jiko kwenye kishubaka chao, mabwana wawili na bibi mmoja, wamevaa tayari kwa safari, na vitamu vyao havijafunuliwa.

"Mwache," akasema. "Imevuja muda mrefu. Mimi ndiye sikusikia."

"Mama, usimkingie kifua."

"Simkingii mtu. Sisikii harufu yoyote, Khiêm. Tangu ile homa."

Khiêm akacheka kidogo, kama mtu aliyeambiwa mzaha wakati mbaya.

"Njoo hapa," alisema mama yake. "Inama." Akainama, mtu mzima yule, na mama akaweka pua kwenye utosi wake. "Ulipokuwa mdogo nilikuwa nakutambua gizani kwa hapa. Nikilala kati yenu watoto, sikuhitaji taa. Sasa hivi sijui kama umeoga au umetoka kwenye saruji. Nimekwambia."

Khiêm alibaki ameinama hivyo. Manyunyu yalimlowesha mgongo, na samaki waligeuka geuka ndani ya beseni.

Fundi Quyết aliitwa kwa simu, wakampigia wakiwa barabarani mbali na nyumba. Alipofika alichungulia nyuma ya jiko, akachomoa mpira, akaukunja mbele ya macho yao. Pale ulipokuwa umeegemea sahani ya umeme ulikuwa umekauka kama ganda la muhogo, na ufa ukafunguka.

"Nani kaligeuza jiko?"

Mama na mwana wakatazama samaki.

"Haya. Mwambieni mpiga ramli wenu mashariki haitahama. Na jiko nalo lisihame." Akalirudisha lilipokuwa, akaweka mpira mpya na vibano vipya, akapaka sabuni. Kishubaka cha Mabwana alikihamishia chumba cha mbele, na safari hii hakuna aliyembishia. "Lakini hamkusikia kitu siku zote hizi? Mpira haukauki kwa asubuhi moja. Huu umevuja kidogo kidogo kabla ya leo."

"Mimi nilisikia," Ngần akasema taratibu. "Juzi, na jana. Nilidhani achari ya mama imeoza. Niliona haya kumwambia."

Fundi alimtazama huyu, akamtazama yule, akakusanya vifaa vyake. Alisema dukani kuna kidude kama kipande cha sabuni, kinafungwa chini ukutani, gesi ikivuja kinapiga kelele, kitafaa saa ambazo Ngần yuko kazini.

"Kwa hiyo nanunuliwa pua," alisema Bibi Thoa.

"Ya kwako ilikuwa nzuri zaidi, bibi. Hii haijui tangawizi."

Fundi akaenda dukani kuifuata. Jikoni upepo ulikuwa umepita na kupita tena. Bibi Thoa aliketi kwenye kigoda chake, akaweka mikono mapajani, akangoja aambiwe apumzike. Hakuna aliyesema. Akaona aanze yeye, bora kulikata jipu kuliko kulipapasa.

"Ungeniambia achari imeoza ningekufanya nini?"

"Ungeninunia mpaka Mwaka Mpya," alisema Ngần.

"Mpaka wa pili yake. Haya, onja na mchuzi. Useme kweli."

Ngần alimtazama mumewe, na Khiêm akakumbuka ghafla mti wake wa ndimu, lakini hakuondoka. Ngần akafunua sufuria, akachota, akaonja.

"Umezidi chumvi, mama."

"Huu wa leo?"

"Tangu mwaka juzi."

Khiêm akakohoa, na safari hii haikuwa gesi. Bibi Thoa aliwatazama wote wawili. Miaka miwili walikula, wakasifu, wakanywa maji usiku. Alitaka kukasirika, akatafuta hasira yake ya kawaida asiione, na machozi yakamtoka bila kuomba ruhusa.

Ngần aliongeza maji kwenye sufuria, akakata tangawizi, akairudisha sufuria juu ya meko. Kisha akamwekea mama mkwe mwiko mkononi.

"Pika wewe. Mimi nitaonja."

Alipiga magoti, akafungua koki ya mtungi, sasa mkono ulifika bila taabu. Akainama mpaka pua ikakaribia sakafu, akavuta pumzi nyuma ya mtungi, akavuta tena kando ya mpira. Bibi Thoa alisimama mbele ya jiko, kidole kwenye kitufe, akingoja kama mwanafunzi.

"Washa," alisema Ngần.

Bibi Thoa akawasha.