Wajane wa Kwenye Takwimu

Karani wa sensa alipofika San Melitón, bibi mmoja, Doña Eufrasia, alimpokea mlangoni na ufagio mkononi. Uvumi ulikuwa umeenea kwamba jamaa anawasaka waliojiunganishia umeme wa wizi, na kijiji kizima kilikuwa kimejiunganishia.

"Mimi mjane, naishi peke yangu; umeme wa nini?" akasema. "Wanangu wote wako Marekani."

Ndani, wajukuu walikuwa wanazabana makofi.

"Na hizo kelele?"

"Kuku."

Majirani nao wakatoa uongo uleule. Serikali, bila hata kucheka, ikapanga mambo kwa hesabu hiyo: hiki ni kijiji cha wajane. Mkunga wa zahanati akahamishwa. Badala yake ikaletwa shehena ya mikongojo, pamoja na kijana mtanashati, Fidencio, wa kuwafundisha wazee mazoezi ya viungo. Watoto wakaigeuza mikongojo kuwa mapanga.

Eufrasia aliona ni kichekesho tu, hadi mkaza mwanawe, Rufina, alipofikisha mimba ya miezi minane na mkunga hayupo. Akakusanya wajawazito wote, wakapanda lori la mahindi hadi mjini kwa mkuu wa mipango, Injinia Baltazar.

"Mama, takwimu zinasema San Melitón hakuna mwanamke wa umri wa kuzaa," Injinia akasema, macho kwenye kompyuta.

"Hebu inua macho, mwanangu. Haya matumbo unadhani ni maharage?"

"Lakini si mlisema wenyewe!"

"Tulidanganya. Nanyi serikali nzima mkaamini?"

"Sensa nyingine ni baada ya miaka kumi."

"Rufina, umesikia? Mwambie mtoto avute subira."

Injinia akawaonyesha mlango. Wakatoka, lakini wakaishia kwenye korido, wakawasha jiko walilokuja nalo, wakaanza kuoka tortilla, vile vimkate bapa vya mahindi. Moshi ukajaa kila ofisi. Makarani wakaacha kazi, wakapanga foleni ya kula. Injinia, macho mekundu, akasalimu amri, akatuma watu wakahesabu upya.

Safari hii Eufrasia aliwaogesha wajukuu, akawapanga mstari barazani. Mkunga akarudishwa. Fidencio akaondolewa, na wajane wa kwenye takwimu wakanuna.

Rufina alijifungua binti salama, mikononi mwa mkunga. Eufrasia alitoka kwenda uani akalia kwa kwikwi, akapenga kamasi, kisha akaingia kumpa mzazi pole: mtoto, maskini, kachukua pua ya bibi yake.