Kufuli Lenye Jina la Verna

Ilikuwa majira ya baridi ya mwaka 2019, mwaka mmoja baada ya Kanada kuhalalisha bangi. Katika ofisi ya kiwanda cha kupasua mbao, Garnet Pruden, msimamizi wa zamu, alimsukumia Verna Toews karatasi ya majibu ya mkojo.

"Damu ya Delbert haijakauka kwenye msumeno, nawe umejaa bangi, bibi."

"Matone mawili ya mafuta yake, Jumamosi, kwa ajili ya magoti. Leo Alhamisi. Nilikuwa timamu kuliko wewe."

"Mimi nimepimwa. Msafi kama theluji."

"Wiski haikai mwilini, Garnet. Ingekuwa inakaa, kikombe chako cha mkojo kingewaka moto."

Kiwandani humo, kila aingiaye ndani ya mashine kukwamua magogo hutundika kwenye swichi kuu kufuli lenye jina lake, na ni yeye tu alifunguaye. Asubuhi hiyo Delbert, mwenzake Verna, hakutundika lake. Miaka kumi na miwili alikuwa amefanya kazi chini ya kufuli la Verna, kwa kumwamini tu. Verna alipotoka kufuata mtaimbo, Garnet, aliyekuwa nyuma ya ratiba, alimwona nje akadhani wamemaliza. Akalikata kufuli kwa mkasi wa chuma, akawasha. Vidole vinne vya Delbert viliteremka pamoja na maganda ya miti.

"Mkaguzi anafika saa nane," alisema Garnet. "Andika kwamba ulisahau kutundika."

"Nitafukuzwa. Imebaki miezi minne nipate pensheni."

"Usipoandika, nafukuzwa mimi. Na nani atamsadiki Bibi Bangi?"

"Mkasi una alama za vidole vyako. Watanisadiki."

Garnet akatabasamu, naye Verna akajua kinachokuja.

"Mwaka ule ukanda wa mashine uliponasa sweta yako, nani alikuvuta?"

"Wewe."

"Pale hospitalini ukaniambia nini?"

"Kwamba unanidai uhai wangu. Uombe chochote."

"Basi naomba, mama."

Verna alitazama dirishani hadi pumzi yake ikatandaza ukungu kiooni. Akaichukua kalamu. Aliandika polepole kwamba alisahau kutundika kufuli, hakuruka hata nukta, akatia jina lake kamili. Akaigeuza karatasi imwelekee Garnet.

"Isome yote," alisema. "Usije ukasema nimebakisha deni."