Karatasi ya Shangazi Kwenye Korido

Mwalimu mkuu alitaka kila mwalimu aandike karatasi moja: alifanya nini kabla ya kufundisha, na anapenda nini. Zingebandikwa kwenye korido pamoja na picha zetu, ili siku ya wazazi watu wajue wanawaachia akina nani watoto wao. Shule yetu ni ya Montessori, ambako mtoto hujifunza kwa kushika vifaa mwenyewe, ya watoto wa miaka mitatu hadi sita, na walimu wake tumetokea kila kona. Mmoja alikuwa muuguzi, mwingine karani wa benki, na yule wa darasa la mwisho aliendesha lori. Lakini kwenye karatasi kila mtu aligeuka mpole na mpenzi wa vitabu. Karani aliandika kwamba anapenda kusafiri, na tangu nimjue hajapita kituo cha mwisho cha basi.

Shangazi yangu alinisukumia karatasi yake ikiwa tupu.

"Niandikie wewe, Kifungo. Si unanijua?"

Kifungo ni mimi. Wazazi wangu walipofariki nilipelekwa kwake nikiwa na miaka minne, na wiki ya kwanza tu nikameza kifungo cha koti la mteja. Wakati huo alikuwa fundi cherehani. Jina likaniganda. Shuleni, ambako yeye alikuwa mwalimu wa darasa na mimi msaidizi wake, aliniita mwalimu kama alivyowaita wenzangu. Nyumbani sikuwa na jina jingine.

Nilimtania, nikamuuliza kama mkono umevunjika. Mwandiko wake ndio tuliofuatisha kukata herufi za msasa ambazo watoto wanazipitishia vidole. Akacheka, akasema ni uvivu tu. Haukuwa uvivu. Hakujua aandike nini, na sote wawili tulijua hivyo.

Daktari alikuwa ameshatuambia kwamba kumbukumbu yake inaondoka na haitarudi. Pale pale kwenye benchi la hospitali Shangazi alinishika mkono akaniomba jambo moja, nimwache amalize mwaka na watoto wake. Zilikuwa zimebaki wiki sita. Mtu aliyekulea akikuomba wiki sita utamwambia nini? Nikaahidi.

Basi nikawa namfunika. Akisahau jina la mtoto, nilikuwa wa kwanza kulitamka. Akiacha bomba wazi, nilifunga nikajifanya nilikuwa napita tu. Asubuhi moja nilitangulia kufungua darasa, naye akaingia sweta yake imefungwa upande, kifungo kimoja kimebaki juu bila tundu. Kabla sijamfikia, binti mmoja wa miaka minne akavuta kiti, akapanda, akafungua vifungo vyote kimoja kimoja, kisha akavifunga upya kuanzia cha chini. Alifanya polepole, bila kusema neno, kama alivyofundishwa kwenye fremu ya vifungo, ile ya mbao yenye kitambaa cha kujifunzia kufunga, ambayo Shangazi mwenyewe ndiye aliyeishona. Darasani kwetu hatumwambii mtu kwamba amekosea. Kifungo kilichobaki kinatosha kumwambia.

"Asante, mwalimu," Shangazi akamwambia. Yule binti akarudi kwenye mkeka wake, hana habari. Mimi si mtu wa kulia hovyo, lakini siku ile nilikwenda stoo nikalia katikati ya mifagio.

Karatasi yake niliiandika kwenye meza ya jikoni. Niliandika kwamba alikuwa fundi cherehani kwa miaka kumi na minane. Kwamba shule ilimwagiza fremu za vifungo, akazileta, akaketi kidogo kuona watoto wakizitumia, na cherehani hakuirudia tena. Kwamba anapenda kusikiliza mpira redioni na timu yake haijawahi kuchukua kombe. Kwamba kufumua nguo iliyoshonwa vibaya kunampa raha kuliko kushona mpya. Kwamba amelea mtoto mmoja ambaye hakumzaa. Sikutia chumvi hata mahali pamoja.

Siku ya wazazi kila mwalimu alisimama kando ya karatasi yake akaisoma. Sikuwa na wasiwasi sana, maana kusoma alikuwa bado anasoma vizuri kuliko sisi. Alisoma kwa sauti yake ile ya darasani, taratibu, na alipofika kwenye mpira wazazi wakacheka. Alipomaliza alivua miwani, akaifuta kwa pindo la sweta.

"Mama wa watu," akasema. "Huyu ningependa kumfahamu. Ameshafika?"

Korido nzima ikaangua kicheko. Shangazi alijulikana kwa mizaha, na wazazi walidhani ni mzaha mwingine. Yeye alitabasamu, akawa anangoja ajibiwe. Mwalimu mkuu hakucheka. Alimtazama Shangazi, kisha akanitazama mimi, na uso wangu ukamwambia yote.

Ofisini hakunifokea, na afadhali angenifokea. Aliuliza ni tangu lini, nikamwambia.

"Mle ndani mna watoto ishirini na wawili," akasema, "na wewe ulikuwa unahesabu wiki."

Alisema kweli, na nilimchukia kwa huo ukweli wake. Nilijichukia zaidi mimi mwenyewe. Kama ningeandika kwamba Shangazi anapenda kusoma na kusafiri, kama waongo wenzangu, huenda angepita bila kugundulika.

Aliondoka Ijumaa ile, wiki tatu kabla ya shule kufungwa. Aliwapa watoto mkono mlangoni, mmoja mmoja, kama kila siku. Darasa nikapewa mimi.

Tunapomfundisha mtoto neno jipya tuna hatua tatu. Kwanza unamgusisha ubao mmoja, kisha mwingine, na kumwambia: huu ni laini, huu unakwaruza. Pili unamwambia akuonyeshe ulio laini. Tatu ndipo unamuuliza jina. Akishindwa, husemi kitu. Unaweka vifaa mahali pake na siku nyingine unaanza upya. Mimi nilifundishwa hivyo na Shangazi.

Juzi nilirudi nyumbani kutoka kazini nikamkuta dirishani. Nilikuwa nimeibandua karatasi yake kutoka kwenye korido, nikaiweka mezani mbele yake, picha ikiwa juu.

"Huyu ni mwalimu," nikasema, kidole changu kwenye picha. Kisha nikajigusa kifuani. "Huyu ni Kifungo."

Aliitikia kwa kichwa, makini kabisa.

"Nionyeshe mwalimu."

Aliitazama picha kwa muda mrefu. Halafu akanyoosha mkono, akaweka kidole kifuani pangu, akatabasamu kama mtu mwenye hakika.

Nikamwambia asante, nikaikunja karatasi. Baridi ilikuwa imeanza kuingia dirishani, nikamfunga sweta yake, kuanzia kifungo cha chini.