Kigen Anauliza Kuhusu Minyoo

Jumamosi alasiri, katika studio ya redio iliyokuwa juu ya duka la dawa za mifugo mjini Kitale, Mwalimu Roselyne Nakhumicha alikuwa akieleza kwa nini kuku hakojoi. Alisema kuku hana kibofu. Mkojo wake hutoka pamoja na kinyesi, nao ndio ule weupe ambao kila mtu ameukanyaga akivuka ua. Khisa, mtangazaji aliyeshughulikia mitambo na simu, alicheka, kisha akafungua laini nyingine.

"Mwalimu, ni Kigen, wa huku mlimani. Hiyo ya kuku nimeshika. Sasa niambie mbuzi. Mbona mboni ya jicho lake imelala, na ya paka imesimama?"

Kigen alikuwa mkulima wa viazi kwenye miteremko ya Mlima Elgon. Roselyne hakuwahi kumwona, lakini aliijua sauti yake kuliko sauti za walimu wenzake. Alipiga simu kila Jumamosi, akiwa juu ya jiwe ambako mtandao ulishika, na upepo ulisikika kabla yake. Roselyne alimweleza kwamba mboni iliyolala humwezesha mbuzi kuona mbali kulia na kushoto, amtambue adui hata akiwa ameinamia majani.

"Kwa hivyo haibiwi kirahisi," Kigen alisema, akashukuru.

Mwaka 2007 vita vya mashamba vilipopamba moto mlimani, Kigen aliacha kupiga. Mkewe, Chemutai, aliteremka na binti yao Linah, wakapanga chumba Kibomet, pembeni mwa mji wa Kitale, akawa anafua nguo za watu. Siku moja alipanda ngazi za studio akiwa bado na povu kwenye viwiko. Alieleza kwamba watu wenye bunduki walimkuta mumewe akipalilia viazi, wakampandisha kwenye lori pamoja na wanaume wengine. Wakati huo wenye bunduki mlimani walikuwa wa aina nyingi, na kila aina ilisema ni wale wengine. Chemutai alikuwa amemtafuta vituoni, hospitalini, na katika vyumba vya maiti mpaka Bungoma.

"Nimekuja tu kujua kama amewapigia," alisema. "Hii kipindi yeye hawezi acha."

"Hajapiga, Mama Linah," Roselyne alijibu.

Chemutai aliketi kidogo kwenye benchi la wageni, akashuka.

Mwaka uliofuata, mvua za Aprili zilipoanza, taa ya simu iliwaka katikati ya kipindi. Khisa alitazama kioo ambapo namba huonekana, akakuta hakuna namba. Alifungua laini hata hivyo. Safari hii upepo haukusikika. Kulikuwa na utulivu mzito, kama wa ghala lililojaa mahindi.

"Mwalimu, hujambo. Ni Kigen. Nina swali la minyoo. Ile ya udongo. Ina mioyo mingapi?"

Roselyne alisogeza maikrofoni. Alisema mnyoo hana moyo kama wa mtu, bali ana mishipa minene, jozi tano, inayosukuma damu, na wengi huiita mioyo.

"Na masikio?"

"Hana. Lakini mtikisiko wa ardhi anausikia kwa mwili wote."

"Ndio maana wananyamaza lori zikipita," Kigen alisema. "Wanapita hapa kando yangu wakienda zao, halafu lori ikija wote wanatulia. Nilikuwa nashangaa. Asante."

Khisa alirusha tangazo la mbolea. Roselyne alikunywa maji, akajibu swali la mama mmoja kuhusu kwikwi za watoto wachanga.

Kule Kibomet, Chemutai alikuwa akisuuza shuka. Aliisikia sauti kutoka redio ya jirani, akamaliza kusuuza, akaanika, akafunga leso kichwani na kwenda mjini. Alipofika studio kipindi kilikuwa kimekwisha. Khisa alimwambia arudi Jumamosi, kwa kuwa Kigen hakuwa mtu wa kukosa.

Jumamosi Chemutai alipewa kiti karibu na Roselyne, na vipokea sauti vya masikioni vilivyomlegea kidogo. Kigen alipopiga, alitanguliza swali lake kama kawaida.

"Mwalimu, nasikia watu wakisema mtu akishakufa, ndevu zake zinaendelea kukua. Ni kweli?"

Roselyne alikuwa ameshaulizwa swali hilo shuleni na alijua jibu. Alimtazama Chemutai. Chemutai aliitikia kwa kichwa.

"Si kweli, Kigen. Ngozi ndiyo hukauka na kurudi nyuma. Ndevu zilizokuwa ndani zinaonekana nje."

"Nilidhani hivyo. Kwa sababu nilikuwa nimenyoa asubuhi hiyo hiyo."

"Mimi ndiye nilikushikia kioo," Chemutai alisema.

Kigen akasema, "Mama Linah. Umekula?"

"Nimekula. Uko wapi?"

"Sijui panaitwaje. Walitufunga macho. Kuna mizizi mingi, ya mikaratusi nafikiri, inakunywa maji sana. Na lori za murram, ule udongo wa barabara, zinapita juu. Siko peke yangu. Huyu wa kando yangu ni wa huko chini kwenu, Mwalimu, na yeye pia anataka kuuliza."

Sauti nyingine ilikuja, nzito na yenye haya. "Mwarimu, mimi naitwa Nyongesa wa Bokori. Nirikuwa natafuta kazi ya kuvuna viazi tu. Nauriza, kwa nini mtu akiogopa sana, magoti ndiyo yanakufa kwanza?"

Roselyne, ambaye pia alizaliwa Bokoli, aliikumbuka familia hiyo, na mama aliyekuwa bado anasubiri. Alijibu kwamba hofu humwaga dawa fulani katika damu ili misuli iwe tayari kukimbia, na misuli iliyo tayari isiyokimbia hutetemeka.

"Basi haikuwa uoga," Nyongesa alisema.

"Haikuwa."

Kabla laini haijakatika, Chemutai aliuliza swali lake mwenyewe, akimtazama Roselyne badala ya maikrofoni. "Mwalimu, mtu akiwa anakufa, ni nini inazimika mwisho?"

"Wengi wanaamini ni masikio."

"Basi alinisikia," Chemutai alisema. "Nilikimbia nyuma ya hiyo lori nikiita mpaka kwa daraja."

"Nilikusikia," Kigen alisema.

Waliojua njia za lori za murram hawakuhitaji kuambiwa zaidi. Kulikuwa na machimbo ya zamani yaliyopakana na shamba la mikaratusi, na barabara moja tu. Chemutai alikwenda na majembe pamoja na mama yake Nyongesa na wanawake wengine. Katika udongo laini walikuta buti la mpira. Chemutai alilijua kwa kiraka ambacho Kigen mwenyewe alikichoma kwa kisu cha moto. Kabla hawajachimba zaidi walifika askari, wakawaambia kwa upole kwamba kuchimba hapo bila kibali ni kosa.

Walikwenda Bungoma kutafuta kibali, na Roselyne akawasindikiza. Ofisi ya serikali waliyoelekezwa ilikuwa na kapeti jipya. Ofisa aliwakaribisha, akaagiza chai, akawaambia kwamba yeye husikiliza kipindi bila kukosa.

"Ile ya ndevu ilinifungua macho," alimwambia Roselyne. "Baba yangu alipokufa tuliona hivyo hivyo tukaogopa bure."

"Basi umemsikia mume wangu," Chemutai alisema.

"Nimemsikia vizuri kabisa, mama. Na huyo kijana wa Bokoli. Sina shaka kwamba wako hapo."

"Si utupatie kibali basi, tuwatoe?"

Ofisa alikoroga chai yake muda mrefu. "Kuwajua waliko, hiyo haina shida. Shida ni kwamba wakitolewa, itabidi mtu aulize nani aliwaweka. Na hilo swali halijaletwa hapa."

"Mimi naleta," Chemutai alisema.

"Wewe si wa kulileta, mama. Lazima litoke juu."

Aliwapa pole kwa mkono, mmoja baada ya mwingine, akawasindikiza hadi mlangoni.

Mwezi haukuisha kabla trekta halijasawazisha machimbo, na uzio ukawekwa na mlinzi langoni. Mwenye redio alipigiwa simu, naye akamwita Roselyne, akamwomba kipindi kijibu maswali ya wanyama peke yake. Alisema ya mwili wa binadamu yalikuwa yanaleta watu pamoja bila sababu. Roselyne alibisha siku hiyo yote. Mwishowe aliambiwa kwamba ni hivyo au kipindi kife, na kipindi kikifa laini itakatwa. Aliporudi alimweleza Chemutai, na Chemutai akasema afadhali wanyama.

Kigen hakulalamika. Aliuliza kuhusu fuko, kuhusu siafu, kuhusu nyoka anavyojua mvua inakuja. Nyongesa aliuliza mara moja kuhusu panya, kisha akanyamaza, na hakusikika tena. Chemutai alipanga kazi zake ili Jumamosi abaki huru. Kwa kawaida alisikiliza tu, mikono juu ya magoti.

Jumamosi moja ya Desemba, Kigen aliuliza, "Mwalimu, ng'ombe anaweza kumkumbuka mtu aliyekaa mbali sana?"

"Anaweza," Roselyne alisema. "Kwa sauti, kwa harufu, hata kwa uso."

"Yetu ilikuwa na mimba nikiondoka. Mama Linah, ilizaa?"

Ng'ombe huyo alichinjwa na wenye bunduki wiki ile ile Kigen alipochukuliwa, mbele ya mlango, na Chemutai alikuwa ameikanyaga damu yake akimbeba Linah gizani. Alisogea karibu na maikrofoni.

"Ilizaa," alisema. "Ndama jike. Mwekundu."

"Jike?" Kigen alisema, na sauti yake ikapanda kama ya mtu aliyeamka vizuri. "Basi msimwuze huyo. Mwambie Linah asimfunge karibu na mto, huko kuna kupe."

"Nitamwambia."

Laini ilikatika. Khisa akafungua nyingine. Msikilizaji alikuwa anapiga kutoka Matisi, na alitaka kujua kama ni kweli popo ni kipofu.