Kalenda ya Zamu za Mama

Mama alikuwa mkunga kwa miaka thelathini na minne. Kumbukumbu zilipoanza kumponyoka, neno "zamu" lenyewe halikuponyoka. Kila asubuhi, kabla hata ya chai, alimuuliza binti yake:

"Leo nani yuko zamu?"

"Mimi, mama."

"Jana je?"

"Mimi."

"Na kesho? Watakuua hawa."

Nyumbani walimwita Kitinda kwa kuwa alikuwa kitinda mimba, japo sasa ana miaka arobaini na mmoja na ni karani wa masjala. Siku za kazi, jirani mmoja alikaa na mama hadi jioni. Zilizobaki zote zilikuwa zake. Mwaka wa tatu huo. Kaka na dada yake waliishi mji uleule, mwendo wa nusu saa. Walipiga simu, walituma mioyo myekundu, walisema "Mungu akubariki mdogo wetu."

Siku moja, wakati wa mapumziko ya mchana, mwenzake ofisini alimwonyesha violezo vya albamu alivyopakua mtandaoni. Kurasa zilikuwa tayari zina karatasi ya maua, mshono wa uzi wa kuchora, vifungo na pembe zilizokunjwa. Kazi yako ni kuweka picha tu, na ukurasa unaonekana kama umeutengeneza sakafuni siku nzima kwa mkasi na gundi. Kulikuwa na kiolezo cha kalenda ndogo ya kusimama mezani. Kitinda akaona kwamba mama ataweza kuishika. Akaona na jambo jingine, lakini hilo alilimeza.

Akaandika kwenye kundi la familia: "Namtengenezea mama kalenda. Nitumieni picha zenu nzuri."

Picha zikamiminika. Kaka alituma kumi na moja, zote kavaa miwani ya jua. Dada alituma nne, akaagiza, "Usiweke ile ya pembeni, inaninenepesha."

Kazi ilimla wiki mbili za mapumziko ya mchana, huku akila kwa mkono mmoja. Majina ya siku yalikuwa ya kigeni, ikabidi ayafute. "Jumatano" likagoma kuingia kwenye kisanduku, mwisho akaandika J3, J4, J5 kama watu wanavyoandikiana kwenye simu. Kaka akapewa mwezi wa kwanza, wa nne, wa saba na wa kumi. Dada akapewa miezi inayofuata hiyo. Yeye mwenyewe akachukua iliyobaki. Akachapisha kwenye karatasi ngumu, akakata, akatoboa matundu, akafunga kwa utepe. Mkasi ulikuwa butu, na mwezi wa tano ukatoka upande.

Mama aliipokea kwa mikono miwili. Akajaribu kubandua kifungo cha kuchorwa kwa ukucha, akashindwa, akasema, "Kimeshonwa vizuri hiki."

Kitinda akatuma picha ya kalenda kwenye kundi. Sifa zikaja, vigelegele vya kuandikwa. Ndipo akaongeza: "Mwezi wenye sura yako, Jumamosi zake zote ni zamu yako kwa mama."



Dada ndiye aliyepiga simu kwanza. "Ungetuuliza."

"Nimewauliza miaka mitatu, dada."

"Si kwa kututega namna hii."

Hilo lilikuwa kweli, na Kitinda hakuwa na nguvu za kulikataa. Kaka naye alisema alidhani ni pambo.

Jumamosi ya kwanza ya mwaka kaka alikuja, akakaa saa moja, akaitwa kwa simu. Ya pili alituma udhuru. Ya tatu mlango uligongwa, na aliyesimama pale alikuwa mke wake, fundi cherehani, na mfuko wa vitambaa begani. Kaka alizoea kutania kwamba kwake kuna wifi mbili, ya mtandao na ya ndoa, na zote hukatika bila taarifa. Tangu msiba wa baba, walipogombania vyombo vya jikoni, wifi huyu na Kitinda walikuwa wa salamu tu.

"Nimekuja kushika zamu ya kaka yako," alisema. "Ila nieleze. Mbona mimi sina mwezi?"

"Sikutaka kukusumbua, wifi."

"Hukutaka kunisumbua, au hukutaka kuniona?"

Kitinda alikuwa amechoka mno kutunga uongo. "Yote mawili."

Wifi akacheka, akavua viatu. "Nenda kalale. Macho yako yamekuwa kama ya samaki wa juzi."

Alilala na nguo zake. Alipoamka ilikuwa saa tisa alasiri na nyumba ilikuwa kimya. Akatoka mbio hadi jikoni. Mama alikuwa amesimama kwenye sinki, amemshika wifi viganja, anavikagua.

"Huyu mwanafunzi mpya," mama alisema, "kunawa hajui."

"Mara ya sita hii," wifi alinong'ona. Vidole vilikuwa vimemkunjamana kwa maji. "Sijawahi kuwa msafi hivi tangu nizaliwe."

Kitinda akacheka hadi akakaa chini sakafuni, na kicheko kikageuka kilio bila yeye kujua kilipogeukia. Wifi alimwekea chai.

Wiki iliyofuata alileta picha ndogo ya kitambulisho, na Kitinda akaibandika kwa gundi juu ya mwezi wa nne. Kaka alipoiona alinuna. "Umenifunika."

"Nusu tu. Sikio lako linaonekana."

Mwezi wa saba kaka alikuja Jumamosi mbili kati ya zake, akasoma gazeti muda wote, lakini alikuja. Dada alizitimiza zote, akichelewa kila mara na kukumbusha kwamba alilazimishwa. Kitinda hakuombwa radhi, wala yeye hakuomba.

Ilipofika mwezi wa nane, mama aliacha kabisa kuitazama kalenda. Waliihamishia ukutani jikoni, juu ya sinki, na Jumamosi asubuhi wifi au dada akigonga, Kitinda alifungua mlango akiwa bado na shuka mabegani, akarudi kitandani.