Mpishi wa Namba za Mirihi

Fundi saa alianzisha tovuti yake kwa kujifurahisha tu. Siku ya sayari ya Mirihi inaizidi yetu kwa karibu dakika arobaini, na mtu aliyezeeka na saa hawezi kusikia jambo kama hilo akatulia. Akatengeneza ukurasa: juu saa ya Mirihi, chini hali ya hewa ya huko, joto la juu na la chini, kama lilivyopimwa na mashine moja iliyotua kwenye lile vumbi jekundu. Wasomaji walikuwa kama arobaini hivi. Thelathini na tisa hawakumnyima usingizi. Wa arobaini alikuwa baba yake.

Mzee alipima hali ya hewa miaka thelathini na mmoja. Sasa miguu imegoma, na dunia yake ni kitanda, dirisha na daftari. Kila siku saa tisa alasiri huvaa miwani, mwanawe humshikia simu, naye hunakili namba mbili za Mirihi kwa wino, utadhani ofisi bado inamsubiri. Ndiyo saa pekee asiyolalamikia mto wala dawa.

Basi mashine ikanyamaza. Namba hazikuja siku ya kwanza, wala ya pili, wala wiki nzima. Fundi angeweza kuandika "haikusomwa", yakaisha. Lakini siku ileile ya kwanza alimkuta mzee ameshafungua kalamu, akaingiwa na huruma, akabuni. Kesho yake akabuni tena. Miezi mitano sasa amejitia kifungoni mwenyewe. Hasafiri, haumwi, hachelewi. Kila alasiri lazima ampelekee baba uongo mpya, ulio karibu na wa jana lakini usiofanana nao. Dukani anafungua saa ya mteja huku kichwani anatafuta joto la kesho. Alijichukia, na hakuona pa kutokea.

Jumatano moja mzee hakunakili kitu. Alikuwa anapekua daftari nyuma na mbele.

"Mwanangu, kuna mtu anakupikia namba."

Fundi akauliza, "Umejuaje, baba?"

"Miezi mitano, namba mia tatu, hata moja haiishii na sifuri wala tano. Mpishi huziogopa hizo, anaona zitamchongea. Anayesoma kipimo huandika anachokiona, basi. Nimeshamshika mtu kwa hilihili."

Fundi alimjua mtu huyo. Ni mjomba wake, kaka wa mama, mpimaji wa ofisi moja na mzee, aliyekuwa akikwepa mvua na kujaza fomu akiwa barazani. Mzee alimripoti shemeji yake mwenyewe, mjomba akafukuzwa kazi, na mama alizikwa wawili hao hawasalimiani.

"Tuwaandikie wasomaji wako," mzee akasema. "Watu wanakuamini. Usimfiche mhuni huyo."

Akaanza kutamka polepole, kama afanyavyo mtu wa ofisini, na fundi akaandika kwenye simu: ndugu wasomaji, joto la Mirihi la miezi mitano iliyopita si la kweli, limepikwa na mtu. Hapo vidole vikagoma.

"Mbona umesimama?"

"Ni mimi, baba. Mashine ilikufa zamani. Sikutaka daftari lako likae tupu."

Mzee akavua miwani, akaifuta kwa shuka, akaivaa tena. Machozi yalimlengalenga. Fundi aliomba moyoni atukanwe, afukuzwe chumbani, apigwe hata na fimbo ya kutembelea. Mzee akainyooshea simu kidole.

"Malizia barua."

"Baba, nitaifunga tovuti yote. Nitaifunga leo hii."

"Mjomba wako nilimwandika jina. Andika na lako."

Fundi akaandika jina lake. Kisha, kama jina kamili linavyotaka, akaandika na la baba yake likifuatia, herufi moja moja, mzee mwenyewe akiangalia.

"Sawa," mzee akasema. "Tuma."